Haihati Ndani ya Maiki ya Snea

Haya ni mazungumzo juu ya kurekodi dramu, na sauti ya ngoma moja inavyovuja kuingia maiki ya nyingine, niliyoyatoa Jumamosi moja baada ya Alasiri, ghorofani katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, mbele ya vijana wanaorekodi muziki hapa Unguja na wachache waliovuka kutoka Pemba. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Mizaha mingine nimeiacha kulekule ukumbini.

Assalaam alaykum. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, karibuni. Nyie mliosimama mlangoni ingieni ndani, mkeka ungali na nafasi, na mlango naomba urudishwe, maana vespa za chochoroni zitakuja kuhutubia badala yangu.

Kabla sijasema neno, nataka msikilize treki moja, yaani sauti ya maiki moja peke yake. Msiulize ni ya nani. Sikilizeni tu, khalafu mnambie maiki hii ilikuwa imewekwa wapi.

(Nikawapigia kama dakika nzima.)

Naona mikono. Wewe unasema maiki ya matoazi. Na wewe? Haihati. Dada pale nyuma anasema ni maiki ya juu, ile inayoning'inia juu ya seti nzima, upande wa kulia. Nyote mna masikio mazuri na nyote mmekosa. Hii ni maiki ya tomu la chini, lile kubwa linalosimama kwa miguu yake mitatu. Maiki iko vidole vinne tu kutoka kwenye ngozi. Wimbo una dakika 4 na ushee, na katika dakika zote hizo tomu lenyewe limepigwa mara 11. Nimehesabu. Muda wote uliobaki maiki ilikaa ikisikiliza majirani: toazi kubwa linalolia juu yake, upande wa pili haihati, yale matoazi mawili yanayogonganishwa kwa mguu, snea, ile ngoma yenye nyuzi chini yake, kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, hata mpiga dramu akisafisha koo.

Sasa seti ya dramu watu huiwekea maiki 8, wengine 10, na kila moja inafanya hivyohivyo. Ukizifungua zote kwa pamoja, toazi moja unalisikia mara 8, kila mara kutoka mahali pengine, kila mara limechelewa kwa kiasi chake. Ndiyo maana tunasema sauti inavuja. Aliyeniita hapa leo alinambia, "Bwana, watoto wanalalamika, kila wakiipandisha snea, haihati inapanda nayo." Nikamjibu kuwa maradhi hayo si ya watoto peke yao. Mie nina miaka mingi katika kazi hii na juzi tu yamenishika.

Mtaniuliza, wazee wetu walifanyaje? Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na wenzake, hakukuwa na treki 8 wala 2. Sauti yake, udi, fidla na ngoma, vyote viliingia kwenye sahani moja kwa wakati mmoja. Enzi zile, ngoma ikizidi, dawa yake ilikuwa kumrudisha mpigaji nyuma kidogo, au kumgeuza uso. Kuvuja hakukuwa na maana yoyote, kwa sababu kila kitu kilivuja kwa makusudi. Tatizo letu lilianza tulipopewa treki nyingi. Hapo ndipo tukaanza kutaka kila ngoma ikae chumbani kwake peke yake, na hali ngoma zote zimekaa sebule moja, magoti yamegusana.

Mie somo hili nilifunzwa na jenereta. Wa umri wangu mnakumbuka giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika Unguja nzima. Mji ulikuwa unanguruma usiku na mchana. Wakati ule nikifanya kazi katika kijistudio cha mtu, chumba kimoja, na jenereta la jirani liko chini ya dirisha letu. Tukirekodi dramu, maiki za juu zilituletea jenereta, na dramu kwa mbali. Nikakaa wiki nzima mbele ya kompyuta nikikata hapa, nikipandisha pale. Siku moja, kwa kuchoka tu, nikaziteremsha zile maiki kutoka karibu na boriti mpaka nusu mita juu ya matoazi, nikazielekeza migongo yake dirishani. Jenereta likarudi nyuma kiasi cha kuvumilika. Kazi ya dakika 5.

Nikajiuliza: kumbe wiki nzima nilikuwa natafuta nini kwenye kompyuta?

Basi leo nitazungumza sana juu ya maiki, na kidogo juu ya miksi, yaani kuzichanganya treki, ingawa tangazo lenu limesema miksi. Mnisamehe. Lakini yule anayeletewa kazi iliyokwisha kurekodiwa na mtu mwengine, nae simsahau, nitamfikia.

Tuanze na hewa yenyewe. Katika joto letu hili, tuseme nyuzi 30, sauti hukimbia karibu mita 349 kwa sekunde. Kwa hesabu ya mkononi, kila milisekunde 1 ni sentimita 35, kama urefu wa rula ya skuli na vidole viwili vitatu. Weka hilo kichwani, maana utalihitaji kila siku.

Chukua snea. Maiki yake iko sentimita 5 juu ya ngozi. Maiki ya juu iko mbali zaidi, na tofauti ya umbali baina ya hizo mbili tuseme ni sentimita 87. Hiyo ni milisekunde 2.5. Ule unene wa snea, ule unaokupiga kifuani, mara nyingi uko karibu na Hz 200, yaani mitikisiko 200 kwa sekunde. Wimbi la Hz 200 linamaliza mzunguko wake kwa milisekunde 5. Nusu yake ni 2.5. Mmeona? Kwa unene ule, maiki moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Ukizichanganya kwa nguvu zinazokaribiana, unene unakufa na snea yako inabaki kama boksi la viatu. Khalafu wewe unafungua ikwalaiza, kile kirekebisho cha besi na trebo, unaongeza Hz 200, na kila ukiongeza hakuji kitu, kwa sababu unaongeza kwenye maiki zinazogombana.

Hapo utafute kile kitufe chenye duara lililokatwa mstari, kinachogeuza wimbi juu chini. Kibonyeze kwenye treki ya snea huku maiki za juu zimefunguliwa. Kama unene umerudi, kiache. Kama umezidi kuondoka, kirudishe. Jambo la sekunde 2, na sijui kwa nini watu hulifanya mwisho wakati lilitakiwa lifanywe mwanzo kabisa. Na ukiwa umeweka maiki chini ya snea kuchukua zile nyuzi zake, hiyo anza kwa kuigeuza bila kuuliza, maana ngozi ya juu ya snea ikizama mbele ya maiki yake, ngozi ya chini inaisukumia hewa maiki ya chini.

Kuna wanaosogeza treki kwenye kompyuta ili vipigo vya snea vilingane mstari mmoja na vya maiki za juu. Mie sikatazi, nimefanya sana. Lakini fikirini kwanza. Ukisogeza treki ya snea, umesogeza na haihati iliyomo ndani yake, na kiki iliyomo ndani yake. Snea inalingana, haihati inachafuka. Yakhe, ni kama kuvuta busati upande mmoja kwenye chumba kilichojaa watu. Sogeza, sikiliza seti nzima, na usione haya kurudisha.

Sasa maiki. Nyingi tunazotumia kwenye dramu ni kadioidi, zimeitwa hivyo kwa sababu ramani ya usikivu wake ina umbo la moyo. Zinasikia vizuri mbele, ubavuni zinapungukiwa kama desibeli 6, desibeli ndiyo kipimo cha nguvu ya sauti, na nyuma kabisa, nyuzi 180, ndiko kwenye uziwi. Kwa hivyo maiki ya snea ya namna hii, mkia wake uelekeze kwenye haihati. Kwenye haihati, nimesema. Naona wengi mnaelekeza mkia popote stendi inapopenda.

Lakini zipo superkadioidi, na hizi zinawakosesha watu. Uziwi wake hauko nyuma kabisa, uko kama nyuzi 126 kutoka mbele, yaani pembeni mwa mkia, na mkiani penyewe inasikia kidogo. Ukiielekeza kama kadioidi, haihati itaingia kwa mlango wa nyuma na wewe unashangaa. Soma karatasi iliyokuja na maiki. Kama huna karatasi, mwambie mtu aichezechee haihati taratibu, vaa hedifoni, khalafu izungushe maiki polepole kama unatafuta stesheni ya redio ya zamani. Pale haihati inapozama, simama. Kaza spana.

Na msizibe maiki. Nilifika studio moja, kijana wa pale ameifunga maiki ya tomu kwenye stendi kwa selotepu, ameizungushia raundi nzima chini ya kichwa, kazi nadhifu kama ya muuguzi. Anasema maiki hii mbovu, inachukua kila kitu. Mbovu wapi! Vile vitundu vya pembeni nyuma ya kichwa ndivyo vinavyoifanya maiki iwe na mbele na nyuma. Vikizibwa, inakuwa haijui upande. Tukabandua selotepu, maiki ikapona.

Umbali nao una hesabu yake. Pasipo na kuta, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali ukiongezeka mara mbili. Kwa hivyo ukiileta maiki ya snea kutoka sentimita 10 hadi 5, snea inapanda kwa kiasi kama hicho, unapunguza geni, yaani nguvu unayoiongezea maiki, na haihati inashuka pamoja na geni. Hapa hujanunua kitu. Watu wa kazi hii wana kanuni ya moja kwa tatu: maiki ya jirani iwe mbali angalau mara 3 ya umbali wa maiki yako na ngoma yake. Ukiishika, unachovujiwa kinakuwa chini kwa desibeli 9 hivi. Kwenye dramu haiwezekani kila mahali, kwani matomu yamebanana kama nyumba za Mkunazini, lakini iwe ndiyo nia yako. Angalizo moja tu: kadioidi ikisogezwa karibu sana, besi inajaa. Kwenye tomu ni neema, kwenye snea lazima uipunguze.

Khalafu kuna mtu ambaye hamumtaji, nae ndiye mwenye kazi. Mpiga dramu. Matoazi yakipandishwa sentimita 10, maiki za matomu zinapumua. Haihati ikisogezwa kidogo upande wa kushoto, snea inapumua. Na mpigaji anayeipiga haihati kama anaua nyoka huku snea anaibembeleza, huyo hakuna programu itakayomtengeneza. Mwambieni kwa adabu. Mpigaji mzuri anajimiksi mwenyewe kabla wewe hujawasha kompyuta. Angalieni mpiga dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono ya taarab, aliyekaa baina ya fidla na ile kanuni ya nyuzi bila kipaza sauti: hakufunzwa na mtu wa studio namna ya kupungua mwimbaji akiingia.

Juu ya chumba nitasema machache. Nyumba hizi zetu za mawe na chokaa, kuta zake nene zinazuia kelele za nje vizuri kuliko matofali ya siku hizi, lakini plasta yake inarudisha sauti. Na kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, vyumba vingi ni vyembamba na virefu. Chumba chenye mita 3 ukuta kwa ukuta kinavuma karibu na Hz 58, palepale kiki inapokaa. Dari la boriti ni zuri, linaivunja sauti vipandevipande. Kuta ndizo za kufunika: godoro likisimamishwa nyuma ya mpigaji, busati chini, mablanketi pembeni. Khanga moja ukutani ni pambo, haizuii kitu. Mvujo unaotoka kwenye ngoma moja kwa moja bado unaweza kuelewana nao. Unaogonga ukuta kwanza ndipo ukaingia kwenye maiki, huo una ukungu ambao hauondoki.

Naam, sasa yule niliyesema simsahau. Umeletewa treki 10, aliyerekodi yuko Dar es Salaam, mpiga dramu hukumbuki sura yake. Unafanya nini?

Mie huanza na maiki za juu peke yake. Nazisikiliza mpaka nijue seti ile inalia vipi kwa jumla. Khalafu naongeza kiki, halafu snea, nabonyeza kile kitufe cha duara, nasikiliza. Matomu mwisho. Wengi mnafanya kinyume: mnasolo kila treki, mnaisafisha mpaka ing'are peke yake, mkija kuzifungua pamoja mnashangaa mbona zinagombana. Treki ya dramu haikuzaliwa peke yake.

Matomu nayakata kwa mkono. Vipigo 11 katika wimbo mzima, mtu huna haja ya geti, ile programu inayokata sauti yenyewe, unakwenda na kipanya kipigo kimoja kimoja. Unaacha mlio wake ufe wenyewe, unaufedisha polepole, sekunde nzima ikibidi. Shida iko hapa: tomu likipigwa, mara nyingi toazi linalia nalo. Treki ikifunguka, toazi linaingia kwa maiki ya tomu, na kama tomu umelipeleka kulia, toazi linaruka kulia kwa ghafla, khalafu linarudi. Sikio la msikilizaji halijui kilichotokea ila linaudhika. Kwa hivyo kwenye treki ile nakata trebo, kuanzia Hz 6,000 au 7,000 kwenda juu, kwani tomu halina kitu kikubwa huko. Toazi liachieni maiki za juu, ndiyo kazi yake.

Snea ndiyo yenye fitina, kwa sababu trebo yake na trebo ya haihati ni shamba moja. Na hapa naingia kwenye geti.

Geti linafahamika. Lina kizingiti: sauti ikifika juu ya kizingiti, linafunguka, ikishuka, linafungwa. Kila mtu akilipata mara ya kwanza analipenda, anaona amepona. Mie nililipenda mpaka likaniaibisha.

Nilipewa kazi ya kumiksi kikundi kimoja kilichochanganya seti ya dramu na dumbak mbili, sanduku la besi na cherewa za kutikisa, karibu na mwendo wa kidumbak lakini cha harusi za kisasa. Mpigaji mmoja wa dumbak alikuwa mzee, vidole vimekakamaa kama mizizi ya mkoko. Maiki ya dumbak yake ilijaa haihati. Nikaweka geti, nikalibana vizuri, haihati ikatoweka. Nikajisifu. Nikamwita mzee aje asikilize.

Akakaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Akanambia nirudishe. Nikarudisha. Akaweka vidole vyake juu ya meza yangu, akapiga polepole: dum, tak, khalafu kidole cha kando, ka, ka, laini kama mtu anayebisha hodi usiku. Akasema, "Mwanangu, mie hapa nimepiga nne. Wewe umeniwekea mbili. Hizi nyingine umemuuzia nani?"

Wallahi sikuwa na la kujibu. Vile vipigo vidogo vilikuwa chini ya kizingiti, geti likavifungia nje pamoja na haihati. Na vile vidogo ndivyo vilivyokuwa vinabeba mwendo. Nikaondoa geti lote mbele yake. Haihati ikarudi, na ngoma ikarudi.

Tangu siku ile geti silifungi kabisa. Kuna kirekebisho kinachosema likifungwa lipunguze kiasi gani. Wengi mnakiacha kipunguze chote, hata sauti isisikike kabisa. Mie nakiweka desibeli 8, au 10, au 12, basi. Haihati inashuka chini ya meza lakini haitoweki, na vipigo vidogo bado vinapenya. Mlango ukifungwa na kufunguliwa kabisa kila kipigo, masikio yanausikia mlango wenyewe. Ukirudishwa nusu, hakuna anayejua kuna mlango.

Jambo la pili, mfunze askari wa geti amsikilize nani. Mageti mengi yana kichujio cha pembeni, yaani geti linaamua kufunguka kwa kusikiliza kipande tu cha sauti. Haihati haina kitu kikubwa baina ya Hz 150 na 300, snea inacho. Mwambie geti lisikilize hapo tu. Haihati ipigwe itakavyopigwa, askari haimwamshi. Na kama programu yako inaruhusu geti lisikilize mbele kwa milisekunde 1 au 2, washa, ili kichwa cha kipigo kisikatwe.

La tatu, kompresa, ile inayobana vipigo vikubwa. Ukiibana snea kwa desibeli 6 khalafu ukarudisha desibeli 6 ili ilie sawa na mwanzo, kila kilichoko baina ya kipigo na kipigo kimepanda desibeli 6. Na baina ya vipigo kuna nini? Haihati. Kwa hivyo geti lako, au ekspanda, ndugu yake mpole, likae kabla ya kompresa. Nimeona miksi nyingi ambazo tatizo la mvujo halikuletwa na aliyerekodi, limepikwa hapa.

Na hili ninalolipenda kuliko yote: mwangwi. Unataka snea iwe na ukumbi mkubwa nyuma yake, unaipeleka kwenye rivabu, na haihati inakwenda nayo, ukumbi mzima unajaa nyasi kavu zinazosuguana. Tengeneza nakala ya treki ya snea, hiyo iwekee geti kali kabisa, likate kila kitu, khalafu nakala hiyo ndiyo uipeleke kwenye rivabu peke yake. Nakala yenyewe hakuna anayeisikia. Snea yenyewe iko wazi na vipigo vyake vidogo, ukumbi unapata snea tupu.

Kijana mmoja wa Chake aliniuliza tulipokuwa tukipanda ngazi: "Ami, siku hizi si kuna programu zinazotenganisha ngoma zenyewe kwa kompyuta?" Zipo, na zinazidi kuwa nzuri. Nazitumia kazi ikiwa mbovu sana. Lakini sikiliza matoazi baada yake, mara nyingi yana kama maji ndani, kama redio iliyozamishwa kwenye ndoo. Kipimo nikikiweka nusu, nachanganya na treki ya asili, hapo inanifaa. Nikikipeleka mwisho, najuta.

Na njia nyingine ambayo haigharimu ila uvumilivu: kabla mpiga dramu hajafungasha, mwombe apige kila ngoma peke yake, mara 10, laini, wastani, kwa nguvu, kila kipigo akiacha kife. Atanung'unika, ana njaa, kina mama wamekwisha kupika. Mwombe tu. Siku tomu lake litakapokuwa limezama kwenye matoazi, unayo sauti ya tomu lilelile, chumba kilekile, maiki ileile, ya kuwekea chini yake. Hutahitaji kuazima tomu la mtu wa Los Angeles.

Wanaorekodi jukwaani, kule Ngome Kongwe wakati wa Sauti za Busara, wao wana kaskazi ya Februari inayoingia kwenye maiki za juu, na wana spika za wapigaji zinazorudisha sauti kwenye kila maiki. Hao wanahitaji hotuba yao peke yao. Na beni ya barabarani, dogo langu, usiweke maiki 8. Weka mbili, simama pazuri, tembea nao.

Muda umekwenda na Maghrib haiko mbali. Bado nataka mfanye kitu kwa mikono yenu. Kijana wa kofia nyeupe, wewe umesema unapiga dramu? Kaa kwenye seti. Feni zimeni, zote mbili, ile ya pembeni pia, tutatoka jasho kidogo. Dada uliyesema maiki ya juu, njoo vaa hedifoni hizi. Shika maiki ya snea, legeza spana lakini usiiachie. Sasa, kijana, haihati tu. Laini. Usiguse snea mpaka nikwambie. Na wewe dada izungushe, taratibu, taratibu… bado… rudi kidogo.